Sufuri Katika Daftari

Mwanafunzi wa Kinango anayetafuta swali la kisayansi hana haja ya kwenda mbali. Huku nyuma ya vilima vya Shimba mvua ni za kubahatisha, na watu, ng'ombe na mbuzi hukutana kwenye bwawa moja. Mabwawa ya namna hiyo ndiyo makao ya konokono wadogo wa jamii ya Bulinus, na humo ndani ya konokono hukua kimelea cha kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa. Kinachotoka kwenye yai humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka kikiwa na umbo jingine, tayari kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayechota maji. Watafiti kutoka Nairobi, Marekani na Japani wameufuatilia ugonjwa huu katika kaunti hii ya Kwale kwa miaka mingi, hasa upande wa Msambweni. Ila mtafiti huja na kuondoka. Mwanafunzi yupo hapo masika, kiangazi na vuli, na hilo ni jambo ambalo maabara kubwa haiwezi kulinunua.

Tuseme basi wanafunzi wawili wa sekondari wanaamua kuhesabu konokono kila Jumamosi. Wamevaa buti za mpira na glavu, wana chujio lenye mpini mrefu, na mwalimu yuko nao. Wanachota mahali pale pale, saa ile ile, idadi ile ile ya michoto. Wanaandika joto la maji, na mvua iliyonyesha wiki hiyo. Kisha kiangazi kinaingia, bwawa linakauka hadi tope linapasuka, na daftari linaanza kuandikwa sufuri. Wiki ya pili, sufuri. Ya tatu, sufuri.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi hii yote. Mashindano yamekaribia, chati inataka mistari inayopanda, na hakuna mtu atakayekwenda bwawani kuhakikisha. Kuandika 12 badala ya sufuri ni kazi ya sekunde moja. Mtoto anayekataa kuiandika hiyo 12 amejifunza jambo ambalo mtihani wa kuchagua jibu hauna njia ya kumfundisha. Na sufuri yake ina maana kubwa: konokono wa mabwawa ya msimu huweza kujificha kwenye tope kavu kwa miezi na kubaki hai. Mvua ikirudi, nao hurudi. Sufuri nyingi zikifuatiwa na konokono wiki chache baada ya mvua, hayo ni matokeo yenye uzito. Angedanganya, angeyafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Nayapenda mashindano. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya shule za Kenya humpandisha mwanafunzi kutoka shuleni hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa, na mtoto wa Kinango anapata kusimama mbele ya waamuzi na kutetea kazi yake. Mwaka 2019 wanafunzi wa shule ya kutwa ya Keriko, kijijini Nakuru, iliyokuwa na kompyuta moja, walifika hadi Arizona, Marekani, kushindana, baada ya kufundishwa na mwalimu wao Peter Tabichi. Lakini kikombe kina hatari yake. Kazi ikishatengenezwa na mtu mzima, mwanafunzi hubaki kukariri maelezo, na anarudi nyumbani na cheti cha fikra za mwenziwe. Ningependa kila mwamuzi aombe daftari kabla hajatazama chati, alifungue katikati, na aulize: wiki hii kulitokea nini?

Nikifikiria uaminifu wa namna hii, namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa ya moto kwenye friji ili atengeneze aiskrimu, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni wa shule, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, huku wenzake wakimcheka. Osborne alifanya jambo la heshima: alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 wengine walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii Mpemba chochote. Alisema alichokiona, nao wanasema walichokiona.

Kinachonisikitisha ni kwamba miradi mingi hufa siku chati inapobanduliwa ukutani. Lakini Gazi, pwani ya Msambweni, mikoko hupimwa mwaka hadi mwaka, na ni vipimo hivyo vinavyouwezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuuza kaboni na kupata fedha za maji na shule za kijiji. Daftari la konokono nalo libaki maabara, lipokewe na wanafunzi wapya, na nakala ipelekwe hospitali ya Kinango. Afisa wa afya akitaka kujua ni miezi gani awaonye watu wasiingie bwawani, atakuta namba za misimu kadhaa mfululizo, na sufuri zake zote zikiwa mahali pake.