Mguu wa Bata na Haki ya Aliyefungiwa

Bata wa nyumbani akivimba unyayo na kuanza kuchechemea, mwenye kumfuga ana wajibu gani juu yake? Hapa Gihundwe nimesikia majibu mawili: "Mchinjeni" au "Mwacheni, atapona." Wengine huongeza hoja yenye uzito: katika nyumba ambayo faranga za dawa ya mtoto zinatafutwa kwa shida, kuna haki gani ya kumhudumia ndege? Sisi tunaosoma fiqhi tusilicheke swali hili. Wanachuoni wetu hawakulicheka.

Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262 Miladia), ameziorodhesha haki za mnyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawa'id al-Ahkam. Miongoni mwake ni kupewa matumizi yake hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Yaani hakuifunga haki na faida. Bei ya bata katika soko la Kamembe haimwongezei haki wala haimpunguzii.

Haki hiyo imetoka wapi? Naona jibu limo katika Hadithi tunayoijua sote, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Kule kumfungia ndiko kulikoleta wajibu. Mwenye kukizuia kiumbe kisijihudumie amejitwika huduma yake.

Sasa mtazame bata. Akiwa majini, uzito wake hubebwa na maji. Ziwa Kivu liko chini ya vilima vyetu, lakini bata wa uani halifiki. Anashinda juu ya changarawe au saruji, na usiku analala juu ya kinyesi chenye unyevu. Ngozi ya unyayo inachubuka, bakteria wanaingia, panavimba, na katikati panatokea kigaga cheusi. Unene na kuruka kutoka mahali pa juu huzidisha tatizo. Basi mara nyingi jeraha hilo limetokana na makao tuliyompangia sisi. Kwa hiyo tiba huanzia sakafuni: nyasi kavu au maranda yanayobadilishwa kila yakilowa, na maji safi ya kuogelea, japo ya beseni.

Hapo hoja ya umaskini inapungua nguvu. Mgonjwa wa nyumbani anatangulia, sina ubishi. Lakini uvimbe ukiwa bado mdogo, kinachotakiwa ni jasho zaidi kuliko faranga: kumtenga bata mahali pakavu, kuuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuukausha, kuupaka ayodini, kuufunga kitambaa safi na kukibadilisha kila siku. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni, kwani bakteria hao wanaweza kumdhuru mtu pia.

Huruma nayo ina mipaka. Wapo wanaoona uvimbe wakachukua wembe. Usaha wa ndege hauwi majimaji kama wetu. Huganda ukawa mgumu kama jibini, na kuuminya hakuutoi. Kukata bila ganzi na bila ujuzi ni kumtesa kiumbe huku tukisema tunamhurumia. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, anayetibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba anabeba dhamana ya madhara. Imekuja kuhusu watu, nami naona maana yake inamfikia hata kiumbe asiyeweza kushtaki. Uvimbe ukipanda hadi kwenye kifundo, au bata akikataa kula, aitwe daktari wa mifugo.

Na daktari asipopatikana, au gharama ikishindikana? Dini haimdai mtu asichokiweza. Imebaki milango miwili.

Wa kwanza ni kuchinja. Ni halali, na kwa bata anayeteseka bila tumaini ni rehema, ilimradi kisu kiwe kikali, kama tulivyoamriwa katika Hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim. Lakini mtu akichinja kwa uvivu wa kubadilisha nyasi, kisha akamleta bata mwingine juu ya changarawe ileile, uhalali umetimia, ihsani haijatimia.

Wa pili ni kuuza. Mnunuzi aambiwe ugonjwa. Aambiwe pia kama bata amepewa antibiotiki, kwa sababu nyama na mayai yake hayaliwi mpaka zipite siku alizozitaja daktari. Kuuficha mguu na kunyamaza ni ghushi ileile aliyoikemea Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu chini yake.

Ndugu zangu, tunasoma haki za wazazi, za jirani, za mke na mume. Wote hao wana ulimi, na wakidhulumiwa watatuambia. Aliye bandani anasema kwa kuchechemea tu. Likizo ijayo, kabla hatujajadili kama achinjwe au auzwe, tuuinue mguu wake tuutazame, kisha tuitazame sakafu tuliyomsimamisha. Tutakachokiona hapo ndicho tutakachoulizwa.

Wallahu a'lam.