Kanzu Ndogo ya Samweli

Mezani petu zimo barua mbili juu ya binti mmoja. Ya kwanza imeandikwa na baba yake, ya pili na mwalimu wake wa mbio. Binti ana miaka 14, yu kidato cha pili, na katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, aliwashinda wenzake wa mkoa mzima katika mbio za mita 1,500 na za mita 3,000. Jina lake hatutalitaja, wala la shule yake, maana mambo ya nyumba ya watu si ya kutangazwa gazetini. Lakini ugomvi huu si wa nyumba moja tu. Twajua umo katika nyumba nyingi, kwa hiyo twaujibu hapa mbele ya wote.

Baba asema mwalimu anamchelewesha mtoto. Mjini ziko mbio za barabarani zenye zawadi za fedha, na binti aweza kushinda, bali mwalimu hataki aende. Baba ni mkulima mwenye watoto sita. Nusu ya nyumba bado haina bati. Atukumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mwalimu naye asema baba anamchosha mtoto. Jumapili moja alimpeleka kukimbia kilometa 21 bila kumwambia mtu, na tangu siku ile binti analalamika maumivu ya muundi. Mwalimu atukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Kisha aongeza maneno haya: kwamba yeye ndiye aliyemvumbua binti huyu, na kama baba hataki kumsikiliza, basi atamwondoa katika timu.

Methali zote mbili ni za kweli, na wazee wetu walizitumia zote mbili kwa wakati wake. Kwa hiyo methali hazitaamua shauri hili. Sisi tulizisoma barua zile mara ya pili, tukatafuta jambo moja, tusilione. Katika kurasa zote saba hamna sentensi hata moja aliyoisema binti mwenyewe. Baba ameandika anachotaka yeye, na mwalimu vivyo hivyo. Mwenye miguu hakuulizwa.

Tusiharakishe basi kuuliza nani anajua zaidi habari za mbio. Kwanza yatupasa kuuliza: mtoto huyu ni wa nani?

Kumbukeni habari za Hana, mama wa Samweli. Alimlilia Mungu ampe mtoto, akapewa, na alipokwisha kumwachisha ziwa alimpeleka hekaluni Shilo, akamweka mikononi mwa kuhani Eli. Alimtoa kweli kweli. Walakini Maandiko yatuambia kwamba kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa sadaka, Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo akampelekea. Fikirini jambo hili, enyi wazazi. Kanzu ya mwaka jana haikumfaa tena mtoto, na ya mtu mzima ingemkokota chini. Ilimpasa mama yule, ingawa aliishi mbali, ajue mwanawe amefikia kimo gani.

Tena mtazameni Eli. Usiku ule kijana alipoitwa, alimkimbilia Eli mara tatu akidhani ndiye amwitaye. Eli angaliweza kumtuma kazi. Bali alitambua kwamba sauti ile si yake, akamrudisha kijana akalale, akamfundisha namna ya kumjibu Yule aliyemwita. Huyo ni mwalimu wa kweli. Alijua kwamba kijana amewekwa chini ya mkono wake, lakini hakuitwa na yeye.

Basi tuseme na baba kwanza, maana ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa heshima. Mzee wetu, haki yako twaijua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Hakuna mwalimu awezaye kukunyang'anya cheo hicho. Wala hatukulaumu kwa kufikiri habari za bati. Mwenye kucheka umaskini wa mwenziwe hajalala chini ya paa linalovuja. Lakini ulezi ni dhamana tu, haumfanyi mtoto kuwa mali yako. Shamba waweza kulilima misimu miwili kwa mwaka likichoka ukaliacha, ukahamia jingine. Mwili wa binti yako hauna wa pili.

Haya si woga wa mwalimu. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto iko sehemu laini, ambayo ndiyo inayourefusha mfupa, nayo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Mguu ukipigwa barabarani mara elfu nyingi bila kupumzika, mfupa waweza kupata ufa mwembamba, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ndiyo hayo maumivu ya muundi yasiyokwisha. Tena msichana anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi. Siku zake za mwezi huchelewa au hukatika, na mifupa hupungukiwa nguvu wakati ule ule ilipopaswa kujiwekea akiba ya maisha yote. Akina mama watatuelewa. Jambo hili lisifichwe kwa aibu, bali apelekwe kwa daktari mapema.

Katika barua yake baba amemtaja John Stephen Akhwari, akisema binti avumilie maumivu kama yeye. Mfano huo ni mtukufu, nasi twauheshimu. Mwaka 1968, huko Mexico, Akhwari alianguka katika maratoni akaumia goti, akafika mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bandeji. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka ipatayo 30, mwenye kuchagua mwenyewe mateso yake. Uvumilivu ni fadhila ya mwenye kuuchukua msalaba wake kwa hiari. Kumtwika mtoto msalaba tuliomchongea sisi, kisha kumsifu kwa uvumilivu, si fadhila yake wala yetu.

Na juu ya wakati, mzee wetu, tazama tuliyoyaona juzi. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda maratoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa nafasi ndogo hata wote wawili wakaandikiwa muda ule ule. Ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa wa tano mjini Rio de Janeiro mwaka 2016 na wa tatu mjini London mwaka 2017, akangoja miaka minane zaidi. Ni kweli wengine huiva mapema: Filbert Bayi alikuwa na miaka 20 tu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974. Lakini hata miaka 20 si 14. Binti yako ana miaka sita mbele yake kabla ya kufikia umri wa Bayi, na kumi na tisa kabla ya kufikia ule wa Simbu. Bahati yake haitaisha mwezi ujao.

Sasa tuseme nawe, Mwalimu. Katika jambo la kilometa 21 twaona umenena kweli, nasi twakushukuru kwa kulisema. Lakini neno lako la mwisho latusikitisha. Wasema ulimvumbua. Nyota huvumbuliwa, na dhahabu huvumbuliwa. Mtoto huyu alikuwa amekwisha kujulikana na Mungu tumboni mwa mamaye, na mama yake alimjua kabla hujamwona akikimbia. Tena twasoma katika barua yako mwenyewe kwamba siku ya mashindano ya mkoa ulimwandikisha mbio tatu kwa siku moja, ili shule ipate kikombe. Je, hilo nalo si kumchosha? Baba alitafuta bati, nawe ulitafuta kikombe. Mguu ulikuwa ule ule mmoja.

Na tishio la kumwondoa katika timu lamwadhibu nani? Baba atakasirika siku mbili. Binti ndiye atakayelia, naye hana kosa. Mwenye kumtumia mtoto ili amshinde mzazi, hata akiwa na haki katika shauri lenyewe, amekwisha kuipoteza.

Ugomvi wa namna hii haukuanza kwetu. Huko Marekani, wazazi na walimu wa michezo hushindana vivyo hivyo juu ya watoto wanaorusha mpira katika besiboli na softiboli. Mwalimu ataka ushindi, mzazi ataka mtoto aonekane na vyuo, na bega la mtoto huchakaa katikati yao. Shirika la Little League liliona kwamba maonyo peke yake hayatoshi. Tangu mwaka 2007, katika besiboli yake, mirusho huhesabiwa: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne kabla ya kurusha tena. Faida ya sheria hiyo haimo katika hesabu tu. Iliandikwa kabla ya siku ya mechi, wala si ya mzazi wala si ya mwalimu, kwa hiyo hakuna anayeshindwa anapoitii. Chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo nacho, mwaka 2016, kilishauri mtoto apumzike mchezo wake siku moja au mbili kila juma, apate jumla ya miezi mitatu ya mapumziko kwa mwaka, wala asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16.

Liko jambo jingine, ambalo hatuwezi kulinyamazia. Baba asema kwamba yuko mtu wa kambi ya mazoezi ambaye ameahidi kumchukua binti, kumlisha na kumvika. Labda ni mtu mwema. Lakini msichana aliye mbali na kwao, ambaye chakula chake, kitanda chake na safari zake zote zimo mkononi mwa mwanamume mmoja, yu katika hatari, hata mwanamume huyo akiitwa kocha. Jirani zetu wa Kenya walimlilia Agnes Tirop, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa na miaka 19, na aliyeuawa nyumbani mwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25. Baada ya kifo chake wanariadha wenzake walianzisha chama, Tirop's Angels, ili wasichana wanaoteswa wapate mahali pa kukimbilia. Msingoje msiba ili mjifunze. Kabla ya kumtoa mtoto kwenda kambi yoyote, mama na aende akaione. Aulize nani mwanamke anayekaa na wasichana, wanalala wapi, wanasoma shule gani, na nani anashika fedha za zawadi. Asipopata jibu lililo wazi, amrudishe mtoto nyumbani.

Basi hili ndilo shauri letu kwa nyumba hiyo, na kwa kila nyumba iliyo katika hali kama hiyo. Kwanza, binti apelekwe hospitali, mguu upimwe, na mpaka daktari aseme, asikimbie kwa mtu yeyote. Pili, baba, mama na mwalimu wakae pamoja, na paroko wao hatakataa kuwapa chumba. Binti awepo, naye aseme kwanza, kabla wakubwa hawajasema, maana wakubwa wakitangulia mtoto hujibu wanachotaka kusikia. Tatu, waandike karatasi moja: mbio zipi kwa mwaka huu, siku zipi za mapumziko, saa zipi za masomo, na Jumapili ibaki ya Misa na ya nyumbani. Baba aitie sahihi, na mwalimu aitie sahihi. Mwaka ukiisha karatasi hiyo ichanwe na nyingine iandikwe, kwa sababu mtoto amekua.

Bati je? Ndugu wakristo wa jumuiya ile, hapo pana kazi yenu. Si haki tumwambie baba asimtume binti kutafuta paa, halafu sote tuketi tukitazama mvua inamnyea. Msaragambo mmoja na mchango mdogo wa kila nyumba vyatosha kumaliza nusu ya paa. Mtoto mwenye miaka 14 asiachiwe deni ambalo jumuiya nzima yaweza kulilipa.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alichukua mfano wa wakimbiaji, akawaambia kwamba taji la uwanjani lanyauka, nasi twatafuta lisilonyauka. Siku moja miguu ya binti huyu itachoka, kama miguu ya wakimbiaji wote. Siku hiyo atakumbuka kama wakubwa wake walimtunza au walimtumia, na hayo ndiyo atakayowafanyia watoto wake.

Enyi wazazi, msiache kumpimia mtoto kanzu yake kila mwaka, wala msimshonee ya mtu mzima. Enyi walimu, mtoto akiwajia mbio usiku akidhani ninyi ndio mliomwita, kumbukeni alivyofanya Eli. Mungu awape hekima, na binti yetu ampe afya.