Hiari ya Mhariri na Haki ya Msomaji Kijana

Kuna swali ambalo huonekana dogo kwa sababu huulizwa juu ya kitu kidogo. Kitu chenyewe ni gazeti la muziki: kurasa za picha za waimbaji, habari za santuri mpya na mazungumzo na watu mashuhuri, ambazo kijana huzinunua kwa fedha yake ya kwanza na kuzisoma kwa bidii kuliko kitabu cha shule. Swali ni hili: mhariri achaguapo watu wa kutukuzwa kwa kufuata mapenzi ya moyo wake, bila ya kumsingizia mtu yeyote uongo, je, aweza kuwa amedhulumu?

Wengi watajibu upesi kwamba hawezi. Mapenzi hayana sheria, na gazeti si baraza la kadhi. Asiyeridhika na aanzishe lake. Jibu hili lina nguvu, wala sipendi kulipita kama kwamba ni la kipuuzi. Lakini na tulipime kwa mfano mmoja, maana maneno ya jumla huchukua kila mzigo bila ya kulalamika.

Gazeti la Rolling Stone lilianza mjini San Francisco mwezi wa Novemba 1967. Mwanzilishi wake, Jann Wenner, alikuwa na umri wa miaka 21. Mwenzake, Ralph Gleason, mwandishi wa habari za jazi, alikuwa amemzidi umri zaidi ya mara mbili. Nia yao ilikuwa kuutendea muziki wa vijana kama jambo la akili, na kwa hilo wanastahili sifa. Kabla yao, magazeti kama lile lililoitwa 16, ambalo Gloria Stavers alilihariri tangu 1958, yaliwaeleza wasichana rangi aipendayo mwimbaji na chakula chake cha asubuhi. Rolling Stone lilitaka kujua mwimbaji anawaza nini.

Walakini katika kuupandisha muziki daraja, waliachwa chini watu walioupenda mbele ya wengine. Tarehe 9 Februari 1964, Beatles walipoonekana kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira ya televisheni ya Marekani, watazamaji wapata milioni 73, waliopiga mayowe ukumbini aghalabu walikuwa wasichana. Wazee waliwacheka. Miaka michache baadaye wanaume wenye kalamu waliandika kwamba muziki wa vijana wale wanne ni sanaa iliyo kamili. Lakini ni nadra kumwona mmoja wao akikiri kwamba wasichana walitangulia kuhukumu, na walihukumu sawa. Hukumu yao iliitwa wazimu. Hukumu ile ile ilipotoka kinywani mwa mwanamume mtu mzima iliitwa uhakiki. Waswahili walilijua jambo hili zamani waliposema: chongo kwa Mnyamwezi, kwa Mswahili rehema ya Mungu.

Mfano wa Joni Mitchell wapita huo. Mwaka 1971 Rolling Stone lilimpa mtungaji huyu cheo cha mzaha ambacho, kwa lugha ya mitaani ya vijana wa huko, maana yake ni bibi wa mtu. Yaani alitajwa kwa wanaume aliokuwa nao, si kwa nyimbo alizotunga. Mwaka huo huo alitoa santuri yake, Blue. (Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, ambamo mwimbaji hutajwa kwa kipaji chake, atastaajabu kidogo.) Mwaka 2003 gazeti lilipochapa orodha ya santuri 500 bora za nyakati zote, Blue iliwekwa ya 30. Mwaka 2020 orodha ilipotungwa upya, ilipanda hadi ya 3. Kadhalika nafasi ya kwanza ilitoka kwa Beatles ikaenda kwa Marvin Gaye, mtu mweusi, kwa santuri yake What's Going On ya 1971. Katika santuri hizo haikubadilika sauti hata moja. Waliobadilika ni wapiga kura.

Yamkini mtu atasema kwamba orodha ya pili ni ya kujipendekeza kwa zama hizi. Sitaapa kwamba si hivyo, maana muziki si mchele hata upimwe kwa kibaba. Lakini asemaye hivyo juu ya orodha ya pili hana budi kuitilia shaka na ya kwanza. Ajabu ni kwamba ya kwanza ilipokewa na wengi kana kwamba ni sauti ya muziki wenyewe, na ya pili ikadhaniwa kuwa siasa.

Katika habari ya rangi mipaka ilikuwa imechorwa mapema. Billboard, gazeti la wafanyabiashara wa muziki, lilianzisha mwaka 1942 orodha ya peke yake kwa santuri zilizopendwa na watu weusi, nayo ikapewa jina la mtaa wa Harlem. Mwaka 1945 ikaitwa orodha ya santuri za jamii yao. Mwaka 1949 jina likabadilishwa tena likawa Rhythm and Blues. Jina lilikuwa la adabu zaidi, lakini ua ulibaki palepale. Mwaka 1956 Pat Boone, mzungu, alipouimba wimbo wa Little Richard, toleo lake lilipanda juu kuliko la mwenyewe katika orodha ya watu wote. Kijana aliyesoma magazeti ya miaka ya baadaye aliukuta muziki wa roki umekwisha kuvishwa uso mweupe, wala hakuwa na sababu ya kuuliza uso wa kwanza ulikuwa upi.

Sasa nirudi kwa mapenzi yasiyo na sheria. Mwaka 2023 Wenner alichapisha kitabu cha mazungumzo yake na mabingwa wa roki: saba, wote wanaume, wote weupe. Alipoulizwa sababu na gazeti la New York Times, alijibu kwanza kwa jibu lile tulilolisikia, kwamba alifuata moyo wake tu. Aliposhikwa zaidi akasema kwamba wanawake, na waimbaji weusi pia, hawakuwa na ufasaha wa kujieleza kwa kiwango hicho cha fikira. Aliomba radhi, lakini alikwisha kuondolewa katika bodi ya wakfu wa Rock and Roll Hall of Fame aliyoshiriki kuuanzisha. Watu walishughulika na tusi. Mimi hunishughulisha zaidi mfuatano wa majibu. Moyo ulisema hauna sababu, kisha sababu ikaonekana imekaa ndani yake siku zote. Kumbe mapenzi yalikuwa na sheria, ila haikuandikwa.

Hapa ndipo jibu la kwamba asiyeridhika aanzishe gazeti lake linapopungua nguvu. Ni kweli wako walioanzisha: Quincy Jones alikuwa mwanzilishi wa Vibe, ambalo mwaka 1993 lilianza kutoka kwa mfululizo, likawatukuza wanamuziki weusi. Lakini msomaji wa miaka kumi na mitano hajui kilichoachwa. Mtu mzima husoma gazeti akilipinga kwa mambo mengine ayajuayo. Kijana hana bado mambo mengine. Msichana hujifunza kwamba mahali pake ni chini ya jukwaa, na mvulana hujifunza jambo baya vilevile, kwamba ubingwa ni urithi wa watu wanaofanana naye. Hakuna aliyewaambia maneno hayo, na kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Basi nathubutu kusema kwamba mhariri wa namna hii amedhulumu, ijapokuwa kila neno alilochapa lilikuwa kweli.

Anachodaiwa si kugawa kurasa kwa hesabu ya rangi na umri, jambo ambalo lingetoa gazeti baridi lisilosomwa na mtu. Anadaiwa kuonyesha mizani: nani aliyepima, na kwa nini yeye. Orodha ya 2020 ilieleza kwamba wapiga kura wake walizidi 300, ikataja baadhi yao kwa majina. Miongoni mwao alikuwamo Stevie Nicks, aliyekuwa amepita miaka sabini, na Billie Eilish, msichana wa miaka 18.