Valletta kwa Mwendo wa Mtoto

Meli imefunga gati Valletta, Malta, na familia imeshuka. Baba ana orodha: makanisa, ngome, makumbusho. Mtoto ana njaa.

Mtoto anashinda, na ni haki yake.

Wananunua pastizzi za moto, zenye jibini laini ndani, zinazopukutika kama sambusa. Wanakula wakitembea. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane waliuanzisha mji huu mwaka 1566, baada ya kisiwa kuzingirwa na Waturuki. Mitaa imenyooka, inateremka. Huku bahari. Kule bahari.

Saa sita mchana, chini ya bustani ya Upper Barrakka, mzinga unalia. Mtoto anaruka, anacheka, anadai mwingine. Mwingine hupigwa saa kumi alasiri, na meli haiondoki kabla ya jioni.