Mungu Anajua, Mshukiwa Anangoja

Jirani yangu mwenye agroveti hapa Subukia husoma riwaya ya upelelezi kwa kuanzia mwisho. Akiwa amesimama nyuma ya kaunta, kati ya mteja wa dawa ya kupe na mteja wa chumvi ya ng'ombe, hufungua ukurasa wa mwisho, akamjua muuaji, ndipo akarudi ukurasa wa kwanza roho ikiwa imetulia. Nimemgombeza mara nyingi. Yeye hunijibu: "Mwalimu, presha yangu hainiruhusu kukaa siku tatu nikimshuku mtu ambaye hajafanya kitu."

Jibu hilo limenikaa. Sisi wapenzi wa vitabu hivi tukiulizwa tunatafuta nini humo, sote tunasema tunamtafuta muuaji. Jirani yangu shida yake si muuaji. Anawaonea huruma wale wengine.

Tuko wanne tunaobadilishana vitabu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Mkatoliki wa tangu tumboni; jirani yangu ni Mpresbiteri wa PCEA; wa tatu ni mzee wa Kiislamu, mzaliwa wa Pwani, anayeuza viatu na mashuka karibu na steji; wa nne ni kijana wa bodaboda ambaye hajatuambia anasali wapi, nasi hatumuulizi. Nakala yangu ya riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilirudi kutoka kwake ikiwa na doa la oili ukubwa wa shilingi, na maoni yake yakaja pamoja na doa: "Mwalimu, huyu Bwana Msa anavuta kiko tu. Atakimbiza mtu lini?" Kijana na Willy Gamba wa Elvis Musiba ndio wanaoelewana, Kufa na Kupona ya mwaka 1974 ameisoma hadi jalada limeachana na kitabu. Mzee wa viatu akamwambia kwamba Bwana Msa hakimbii kwa sababu anafikiri, "na wewe unakimbia mpaka unampita abiria." Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo yake ya 1965 tunampa nafasi ya pili bila ugomvi. Elspeth Huxley, ambaye mama yake alikuwa na shamba kule Njoro, nilimtafuta kwa ajili ya Njoro tu. Nilimaliza Murder on Safari, ya 1938, nikairudisha nilikoitoa, wala sikumpendekezea mtu.

Mimi ni wa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba, alikuwa Mzanzibari wa Makunduchi, na kabla ya kuingia kwenye magazeti aliwahi kufanya kazi ya ukaguzi wa afya. Nadhani inaonekana. Mpelelezi wake ana macho ya mtu aliyezoea kuinama na kuchungulia mahali ambapo mwenye nyumba angependa pasichunguliwe. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 na kutoka kama kitabu mwaka 1960. Tajiri anakutwa amekufa mzimuni, na watu tayari wana jibu: ni kazi ya mizimu. Bwana Msa anafika, anauliza vijiswali vyake vidogo, na mwishowe mkono uliofanya kazi ile unaonekana kuwa mkono wa binadamu, wenye sababu za kibinadamu. Wasomaji humsifia akili. Mimi kila nikirudia kukisoma hufurahi kwamba mizimu imefutiwa mashtaka.

Padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika mwaka 1929 amri kumi za riwaya ya upelelezi, na mojawapo inakataza kabisa fumbo lisitatuliwe kwa nguvu za miujiza. Padri huyo! Mtu ambaye baadaye aliitafsiri Biblia nzima peke yake. Sidhani alikuwa anamfukuza Mungu kitabuni. Alikuwa anamkataza mwandishi mvivu kumsukumia Mungu kazi ambayo ni ya mwandishi. Mimi ningeongeza amri ya kumi na moja, ya vijiji: kijiji nacho kisimsukumie Mungu kazi ambayo ni ya kijiji.

Miaka kadhaa iliyopita, upande wa juu tunakopandisha kuelekea Nyahururu, ghala la mahindi liliungua usiku. Kulikuwa na kibarua aliyekuwa amebishana na mwenye ghala kuhusu malipo yake, basi macho yakamwendea yeye. Hakuna aliyempeleka kwa chifu. Hakuna aliyemwambia neno. Watu walisema "Mungu anajua", wakaacha kumpa kazi. Kwenye Misa padri akisema tutakiane amani, nilikuwa naitazama mikono. Aliyekuwa mbele yake aligeuka akamtolea ncha za vidole viwili. Mama aliyekaa pembeni ghafla akawa anatafuta sadaka ndani ya mkoba, na sadaka tulishatoa zamani.

Sijui kama ni yeye. Hapo ndipo penye uzito: hata mimi, niliyekasirika kwa niaba yake, sikuweza kusema si yeye. Na kama si yeye, Mungu analijua hilo kwa ukamilifu usiopungua hata chembe, lakini kujua huko hakukumrudishia jembe mkononi.

"Mungu anajua" ni neno la imani, na silidharau. Nimelisikia Oktoba kwenye foleni ya maji ya chemchemi pale kituo cha hija cha hapa Subukia, siku ya maombi ya kitaifa inapoleta watu kutoka pande zote za Kenya. Mama ana galoni yake, anasimulia mwanawe aliyetoweka. Aliye nyuma yake anaitikia "Mungu anajua, dada", na yule mama anapumua. Neno lile lile. Kwake lilikuwa mkono begani, maana alikuwa amekwisha kugonga kila mlango. Kwetu, kwa habari ya kibarua, lilikuwa ni kufunga mlango kabla mtu hajabisha.

Fumbo la ghala si la peke yake huku kwetu. Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, kabla hujafika Naivasha, unapita Morendat. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wa Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, ulikutwa hapo kando ya barabara, amepigwa risasi kichwani, bunduki yake karibu. Alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila, na hakuwa na marafiki wengi miongoni mwa wakubwa. Wapelelezi wa FBI walikuja, na ripoti yao ya 2001 ikaelekea kwenye kujiua. Maaskofu wakakataa. Uchunguzi ukafunguliwa mahakamani, na mwaka 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri hakujiua, aliuawa. Aliyemuua hajahukumiwa hadi leo.

Tulipoizungumzia habari hii, kijana wa bodaboda alisema hicho ni kitabu kilichochanwa ukurasa wa mwisho. Jirani yangu akamkatalia. "Padri alikuwa mshukiwa wa kifo chake mwenyewe," alisema. "Miaka yote hiyo. Sasa ametoka." Nilinyamaza. Kwa Mkatoliki wa rika langu, aliyelelewa akisikia waliojiua wakisemwa kwa sauti ya chini, hilo si jambo dogo. Mahakama haikutupa muuaji, lakini ilimtoa marehemu kwenye orodha. Nusu ya kazi ya Bwana Msa ilifanyika, na kwa maoni yangu ndiyo nusu iliyo bora.

Kuanzia siku hiyo tukaanza kupeana vitabu vya namna nyingine. Nilimwazima jirani yangu Biblia yangu, kwa sababu Danieli ya PCEA inaishia sura ya 12 na nilitaka asome ya 13. Susana amesingiziwa uzinzi na wazee wawili, waamuzi wa watu, na tayari anapelekwa kuuawa. Danieli, kijana tu, anasimamisha msafara, anawatenganisha wazee, anamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine ule. Dorothy Sayers, mwandishi Mwingereza wa riwaya hizi na mtu wa Kanisa pia, aliiweka hadithi hiyo kwenye mkusanyo wake wa visa vya upelelezi mwaka 1928 kama mojawapo ya mababu wa fani. Jirani yangu aliianzia mwisho, kama kawaida yake. Alivyorudisha Biblia alisema kitu kimoja tu: kwamba Susana aliomba kwanza, Mungu akamsikia, na jibu la Mungu lilikuwa kumwinua mtu mwenye maswali.

Mzee wa viatu naye akaniuliza, "Mwalimu, ya kwetu umeisoma?" Akanionyesha Sura ya Yusuf katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Hadithi naijua kutoka Mwanzo. Ya huku ina ushahidi. Mke wa bwana amemsingizia Yusuf, na shahidi wa nyumba ile ile anasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanika mbele, mwanamke anasema kweli; ikiwa imechanika nyuma, Yusuf alikuwa anakimbia. Imechanika nyuma. Nilipiga meza. Lakini mzee hakuwa amenipa kitabu kwa sababu ya kanzu. Aliniambia nisonge mbele. Yusuf anafungwa licha ya ushahidi, anakaa gerezani miaka, kisha mfalme anaota, anamhitaji, anatuma mjumbe amtoe. Na Yusuf anakataa kutoka. Anamrudisha mjumbe: nenda kwanza ukamuulize bwana wako habari za wale wanawake waliojikata mikono kwa kunishangaa. Hatoki mpaka wenyewe waseme hadharani kwamba hawakuona ubaya kwake.

Katika Mwanzo 41 Yusufu ananyoa, anabadili nguo, anakwenda kwa Farao. Siku hiyo, Mkatoliki mimi, nilimpa Yusuf wa mzee alama za juu zaidi. Nani alijua kuliko yeye kwamba Mungu anajua? Alikuwa nabii. Na bado aliona gereza afadhali kuliko kutoka nalo jina bovu. Jina la mtu limewekwa midomoni mwa watu, na watu ndio wanaoweza kulirudisha.

Katekista wetu alinipa pingamizi ambalo sijalimaliza. "Na siri ya kitubio je?" aliniuliza. Padri anaweza kumjua mkosaji, akamwona asiye na kosa akiteseka, asiruhusiwe kusema. Chesterton alimjenga Padri Brown wake juu ya jambo hilo: padri mfupi mwenye mwavuli anaijua dhambi kuliko polisi kwa sababu ameketi miaka mingi akiisikiliza. Mwizi wake mkubwa, Flambeau, haishii jela. Anatubu, naye anakuwa mpelelezi. Napenda visa hivyo kuliko vya Sherlock Holmes, lakini havinijibu. Ni kweli Kanisa limekubali kubeba gharama hiyo, na gharama hiyo wakati mwingine inamwangukia mtu mwingine kabisa. Nilichomjibu katekista ni hiki: hiyo ni siri ya padri. Sisi kijijini hatukuungamiwa na mtu.

Sura ambayo sasa nawapendekezea wote ni Kumbukumbu la Torati ya 21. Maiti imekutwa shambani na aliyeua hajulikani. Hakuna mpelelezi, wala hakuna ukurasa wa mwisho. Sheria haisemi "Mungu anajua" watu waende nyumbani. Wazee wanatoka, wanapima umbali kutoka maiti hadi kila mji ulio karibu, na mji uliokaribia zaidi ndio wenye mzigo. Wazee wake wanachukua mtamba ambaye hajafungwa nira, wanateremka naye bondeni penye maji, wanamvunja shingo, wananawa mikono juu yake na kutamka kwamba hawakuimwaga damu ile wala hawakuiona ikimwagwa. "Mtamba mzima!" alisema jirani yangu, anayewauzia watu dawa za minyoo za mitamba na anajua mmoja wa Friesian huuzwaje. Lakini naona ndiyo maana yake. Fumbo lisilotatuliwa liwagharimu walio karibu, lisimgharimu maskini mmoja ambaye macho yamemwangukia.

Basi kwenye jumuiya yetu ndogo nilitoa pendekezo. Mtamba tusichinje, lakini kila mmoja aliyekuwapo usiku ule wa ghala asimame aseme alikuwa wapi na aliona nini, kibarua akiwapo, naye aseme lake, kisha yasiyothibitika tuyafute kwa mdomo ule ule tulioyasambazia. Mwenyekiti akasema liandikwe kwenye ajenda ya mwezi ujao. Limeandikwa, likaahirishwa, limeandikwa tena.

Kijana wa bodaboda, nilipomweleza, alizima injini. "Na Mwalimu, kama aliyechoma ni mmoja wa wazee wenu watakaosimama?"

Nikamwambia basi itambidi adanganye mbele ya majirani kumi na watano walioamka na kuona moto ule ule, na Danieli alihitaji mashahidi wawili tu.