Heshima ya Kazi ya Wengi

Kazi iliyofanywa na mikono mingi ni mali ya nani? Wako wanaojibu kuwa ni mali ya mwenye fikira, maana bila ya fikira mikono haijui pa kwenda. Wako wanaojibu kuwa ni mali ya mikono, maana fikira isiyopata mikono ni ndoto. Kila upande una haki yake, na hukumu si nyepesi.

Tutazame mfano mmoja. Oktoba 2010, msanii wa China, Ai Weiwei, alifungua maonyesho katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, jengo ambalo zamani lilizalisha umeme. Sakafu ilitandazwa mbegu za alizeti zipatazo milioni 100. Kwa macho zilikuwa mbegu. Kwa kweli zilikuwa kaure, na kila moja ilipakwa rangi kwa mkono. Mgeni hakuja kutazama picha ukutani. Aliingia ndani ya kazi yenyewe, akaikanyaga, akailalia, akaisikia ikilia chini ya nyayo zake.

Mbegu hizo zilifanywa na mafundi wapatao 1,600 wa Jingdezhen, mji uliofinyanga kaure za wafalme wa China kwa karne nyingi, nao walishughulika kwa zaidi ya miaka miwili. Wageni walionyeshwa filamu ya mafundi hao wakiwa kazini. Walakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni moja.

Je, hiyo ni dhuluma? Haifai kusemwa hivyo kwa haraka. Msanii alibuni, alithubutu, na lawama ingekuwa yake kama kazi ingeharibika. Sifa na lawama ni ndugu: asiyebeba hii hastahili ile. Lakini ujira hulipa siku iliyokwisha. Haulipi ustadi uliorithiwa tangu mababu. Deni hili la pili halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kutajwa.

Tena, fikiri maana ya mbegu zenyewe. Zama za Mao Zedong, picha zilimwonyesha yeye kuwa jua, na watu kuwa alizeti zinazomgeukia. Basi mbegu zile zilinena juu ya mmoja na wengi. Kwa mbali zilikuwa tandiko la kijivu. Mkononi kila moja ilikuwa na mistari yake. Kazi ifundishayo hivyo hujipinga yenyewe ikiwa mafundi wake watahesabiwa kwa jumla kama mchanga.

Siku chache baada ya kufunguliwa, wageni walikatazwa kukanyaga, kwa kuwa vumbi la kaure lililotimka lingeweza kudhuru afya. Tahadhari hiyo ilikuwa njema. Lakini tahadhari ni chongo ikiwa humwona mwenye kukanyaga na kumsahau mwenye kufinyanga.

Husemwa kuwa majina ya watu wengi hayana mahali pa kuandikwa. Udhuru huo ni dhaifu. Ukumbi uliopokea mbegu milioni 100 haukosi ukuta wa majina 1,600.

Kwa hiyo, mtu anayekusanya mikono ya wenziwe ajiulize mambo mawili kabla ya kuanza: nitawalipa nini, na watakumbukwaje? Akijibu la kwanza peke yake, amepata vibarua. Akiyajibu yote mawili, amepata washirika, na kazi yake itasimama juu ya haki kama inavyosimama juu ya uzuri.