Je, Kuingia Kwenye Jaribio la Tiba ni Kumjaribu Mungu?

Jioni moja baada ya ibada ya jumuiya, mama mmoja, mwalimu mstaafu, alitusubiri mlangoni mpaka wengine wote wakaondoka. Mdogo wake wa kiume anaishi Marekani kwa miaka mingi sasa. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, akapata mionzi na dawa, nasi sote tulimshukuru Mungu kanisani. Sasa uvimbe umerudi. Madaktari wake wamemweleza kwamba tiba za kawaida hazina tena mengi ya kumpa, ila wanaweza kumwingiza kwenye jaribio. Watachukua seli kutoka katika damu yake, wazibadilishe maabara ili ziutambue uvimbe, kisha wazirudishe kichwani mwake. Amempigia dada yake simu kuomba ushauri. Naye mama akatuuliza: "Baba Mchungaji, huku si kumjaribu Mungu?"

Tulimjibu upesi mno. Tulisema, "Mama, tuombe tu, Mungu atafungua njia." Tukaomba, akaenda zake. Lakini usiku ule hatukupata usingizi, maana tulijua kwamba hatukumjibu. Alikuja na swali la imani, nasi tukalifunika kwa maombi. Haya tunayoandika ndiyo tuliyopaswa kumwambia, na tunayaandika kwa ajili ya washarika wote, kwa kuwa swali lake litabisha hodi katika nyumba nyingi.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Ugonjwa huo huitwa glioblastoma. Ni saratani inayoanzia ndani ya ubongo, nayo hupenya katikati ya seli nzima kiasi kwamba daktari wa upasuaji hawezi kuitoa yote bila kuharibu ubongo wenyewe. Kwa hiyo karibu kila mara hurudi, na ikisharudi, maisha ya mgonjwa kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi.

Tiba inayojaribiwa hutumia seli T, ambazo ni kama askari wa kinga ya mwili. Madaktari huzichuja kutoka katika damu ya mgonjwa, na wataalamu wa maabara huzipa maagizo mapya ya kijenetiki ili ziweze kutambua alama fulani iliyo juu ya seli za saratani. Zikishaongezwa na kuwa nyingi, hurudishwa mwilini. Huitwa seli za CAR-T. Kwa baadhi ya saratani za damu njia hii imefanya makubwa. Mwaka 2012 msichana mdogo huko Marekani, aliyekuwa karibu kufa kwa saratani ya damu, alitibiwa kwa njia hii akapona. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii.

Ubongo umekuwa mgumu zaidi. Mwaka 2016 madaktari wa City of Hope, California, walitoa taarifa ya mgonjwa wa miaka 50 aliyepewa seli hizi moja kwa moja kichwani kupitia mrija mdogo. Uvimbe wote ulitoweka, hata ule uliokuwa kwenye uti wa mgongo, naye akarudi kwenye shughuli zake. Baada ya miezi saba na nusu saratani ilijitokeza mahali pengine. Machi 2024 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walieleza habari za wagonjwa watatu. Mmoja wao, mwanamke wa miaka 57, alipewa dozi moja, na siku 5 baadaye picha zilionyesha uvimbe umekaribia kwisha. Lakini kwa wawili kati ya hao watatu nafuu haikudumu. Mwezi huo huo City of Hope walitangaza matokeo ya wagonjwa 65. Kati ya 58 ambao maendeleo yao yaliweza kupimwa, kwa nusu yao uvimbe ulitulia au ulipungua kwa muda. Sababu mojawapo ya nafuu hiyo kuwa fupi inajulikana: seli za uvimbe mmoja hazifanani zote. Zenye alama huuawa, na zisizo na alama hubaki zikaendelea kukua.

Basi, hii si kazi ya matapeli, wala bado si uponyaji. Iko katikati, na hapo katikati ndipo sisi wahubiri tunapokosa maneno, kwa kuwa tumezoea kusimama mbele ya ushuhuda wa muujiza au mbele ya jeneza.

Turudi kwa swali la mama. Lugha yetu inatuchanganya kidogo, maana jaribio la daktari na kumjaribu Mungu vimetoka kwenye neno moja. Lakini Maandiko yanatusaidia kuvitenganisha. Katika Kumbukumbu la Torati 6:16 Israeli wanaonywa wasimjaribu Bwana kama walivyofanya huko Masa. Huko Masa walifanya nini? Walikuwa na kiu, na kiu si dhambi. Waliomba maji, na kuomba maji si dhambi. Kosa lao lilikuwa kuyafanya maji kuwa kipimo cha Mungu: tukinywa, yupo pamoja nasi, tusipokunywa, hayupo. Shetani alimtaka Bwana Yesu afanye hivyo hivyo juu ya kinara cha hekalu, ajitupe chini ili Baba alazimike kuthibitisha upendo wake. Kumjaribu Mungu, basi, ni kumwekea Mungu sharti.

Tukilipima jambo letu kwa kipimo hicho, tunaona kwamba mgonjwa anaweza kumjaribu Mungu akiwa hospitalini, na anaweza kumjaribu Mungu akiwa kwenye mkesha wa maombi. Anayesema, "Seli hizi zisipofanya kazi, Mungu ameniacha," amemwekea Mungu sharti. Anayesema, "Sitatumia dawa, Mungu aniponye kwa maombi ili watu wajue," naye amemwekea Mungu sharti. Martin Luther aliliona hili mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Katika jibu lake aliwakemea pia waliodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani. Alisema hao ndio wanaomjaribu Mungu, maana Mungu ameumba dawa na ametupa akili ya kuutunza mwili.

Na kabla ya Luther tunaye mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Aliugua akakaribia kufa. Aliomba akilia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Lakini habari haikuishia kwenye maombi. Isaya aliagiza waletewe tini, zikawekwa juu ya jipu lake, naye akapona. Nabii hakuona aibu kuleta ahadi ya Mungu kwa mkono mmoja na tini kwa mkono wa pili. Tukumbuke pia kwamba ile miaka 15 ilikwisha, na Hezekia akalala na baba zake. Hakuna anayesema kwamba Mungu hakumponya kwa sababu alikufa baadaye. Kwa nini basi tuidharau miezi saba na nusu ya yule mgonjwa wa California? Muda wenye mpaka ni zawadi halali. Sote tunaishi kwa muda wa namna hiyo, tofauti ni kwamba yeye aliuona mpaka wake kwa karibu.

Hata hivyo hatutaki kuishia hapo, kana kwamba yote ni mepesi. Jaribio lina ugumu wake wa maadili, na kanisa lisiufiche. Katika hatua za mwanzo lengo kubwa la jaribio si kumponya aliyelala kitandani. Ni kujua kama tiba ni salama na dozi ipi inafaa, ili wengine watibiwe vizuri zaidi baadaye. Yeye anaweza kupata homa kali, anaweza kuchanganyikiwa akili kwa siku kadhaa, na pengine asipate nafuu yoyote. Mwaka 1982 daktari wa akili wa Marekani, Paul Appelbaum, na wenzake waliandika juu ya kosa linalotokea mara kwa mara: mgonjwa anaweka sahihi akidhani kila linalofanyika limepangwa kwa faida yake, kumbe limepangwa kwa ajili ya kupata elimu. Haina maana kwamba amedanganywa. Matumaini yake ndiyo yaliyomsomea fomu.

Hapa sisi wachungaji na wazee wa kanisa tuna lawama. Mara nyingi tunaongeza ukungu badala ya kuuondoa. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumsaidia kusikia alichoambiwa na daktari, nasi tunamwambia asikiri mauti. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani anayekufa bado ni jirani. Tangu kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na hukumu ya madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa kwa jina la utafiti, imetamkwa wazi kwamba hakuna mtu wa kufanyiwa jaribio bila ridhaa yake mwenyewe, na kwamba aliyeingia anaweza kutoka. Ridhaa hiyo haipo bila ukweli. Kanisa linalomsaidia mgonjwa kuujua ukweli linamlinda utu wake.

Liko na kosa la upande wa pili. Tunaweza kumhubiria mgonjwa kwamba imempasa kujitoa, kwa kuwa Kristo alijitoa. Kwamba mwili wake ni punje ya ngano, na isipoanguka ardhini haitazaa. Maneno ya Yohana 12 ni ya kweli, lakini hatuna haki ya kuyaweka shingoni mwa mtu mwingine kama mzigo. Zawadi inayolazimishwa ni kodi. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, pasipo matendo. Fundisho hilo halina mahali pa kufaa zaidi kuliko kitandani pa mgonjwa. Hahitaji kuwa na manufaa kwa sayansi ili kifo chake kiwe na maana. Akisema, "Nimechoka, nataka siku zangu zilizobaki niwe na watoto wangu," hajapungukiwa imani wala upendo.

Lakini akiwa huru hivyo, akiujua ukweli, kisha akasema, "Nitaingia, huenda nisipone, ila watajifunza kitu kwangu," basi tunaona tendo zuri sana. Anampenda jirani ambaye hatamwona kamwe. Vijana watatu mbele ya tanuru, Shadraka, Meshaki na Abednego, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipofanya hivyo hawataiabudu sanamu. Imani ya namna hiyo haina sharti ndani yake. Mtu anaweza kuingia kwenye jaribio la tiba kwa imani hiyo hiyo.

Na jirani huyo asiyeonekana anaweza kuwa wa kwetu. Majaribio tuliyoyataja yamefanyika Marekani, na tiba za seli ni ghali mno. Huku kwetu wengi wenye uvimbe wa ubongo hufika hospitali wamechelewa, kwa sababu maumivu ya kichwa yalidhaniwa kuwa uchovu, au degedege lilidhaniwa kuwa pepo. Tunapoombea elimu hiyo ipatikane, tuombe pia ifike. Na wakati tunangoja, tulio nao mkononi ni wajibu mdogo: mshirika anayeumwa kichwa kila asubuhi, anayetapika au kuanguka, tumpeleke kwa daktari wakati tunaendelea kumwombea.

Wiki mbili baada ya ile jioni tulikwenda nyumbani kwa yule mama tukamwomba radhi. Tulimweleza haya yote kwa urefu. Alitumiminia chai, akanyamaza, kisha akauliza, "Basi nimwambie akubali?" Tulisema, "Hapana, Mama. Mwambie yuko huru. Na mwambie awaulize madaktari mambo matatu kabla hajaweka sahihi: jaribio hili linatafuta kujua nini, atawezaje kutoka akitaka kutoka, na kama hakubali, watamtunza vipi." Aliyaandika nyuma ya bahasha ya sadaka, akampigia simu usiku ule.

Aliwauliza. Walimjibu bila kumficha. Baada ya siku nne akaweka sahihi. Tunapoandika haya seli zake ziko maabara zikiongezwa, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Jina lake linasomwa kila Jumapili katika maombi ya kanisa zima. Tumebadilisha kidogo namna ya kumwombea. Tunamwomba Mungu amponye, bila kuona haya, kama Hezekia alivyoomba. Tunawaombea wanaozitunza seli hizo usiku na mchana. Tunamwombea mgonjwa atakayekuja baada yake, ambaye jina lake hatulijui. Kisha tunasema mapenzi yako yatimizwe, na mama yule, aliyeketi benchi la tatu, huitikia Amina kwa sauti inayosikika.